Honnold na El Capitan: siku aliyorudi chini ndo kisa chenyewe

Watu wakisimulia hiki kisa huwa wanaanzia mwisho. Tarehe 3 Juni 2017 Mmarekani mmoja anaitwa Alex Honnold, miaka 31 wakati huo, kapanda ukuta wa El Capitan kule Yosemite, California, bila kamba, bila mkanda, viatu vya raba miguuni na kifuko cha chaki kiunoni basi, kamaliza kwa masaa 3 na dakika 56. Hapo nusu ya watu wanasema jamaa hana akili, nusu nyingine wanasema kazaliwa hana hofu, mjadala umefungwa watu wanaenda kula.

Mi naona pande zote mbili zimekosea, na sababu ya kukosea ni kwamba wanaangalia siku ya ushindi tu. Siku ya ushindi ni risiti. Ukitaka kujua kilinunuliwa nini na kwa bei gani rudi nyuma miezi saba, Novemba 2016, siku ambayo huyohuyo Honnold alianza kupanda ukuta huohuo, watu wa kamera wamejipanga, kila kitu tayari, na hata robo ya njia hajafika akaghairi akashuka.

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa wenyewe mana ukisema ukuta mtu anafikiria ukuta wa shule. El Capitan ni mita kama 900 za graniti iliyosimama. Burj Khalifa ni mita 828, kwahiyo mliopo Dubai mkitoka nje mkaangalia juu bado mtakuwa mmepunjwa. Njia aliyopita inaitwa Freerider, ndugu wawili wa Kijerumani, Alexander na Thomas Huber, ndo waliipanda kwa mara ya kwanza kwa nguvu za mikono na miguu yao tu mwaka 1998, kamba ikiwepo ya kuwadaka tu. Na hapa watu huwa wanachanganya, wapandaji wa aina hii hata wakiwa na kamba hawavutwi nayo, wanapanda kwa vidole vyao wenyewe, kamba kazi yake moja tu, ukianguka ikudake. Frii solo ni kupanda hivohivo afu unaiacha kamba nyumbani. Njia imekatwa vipande kama 30, kila kimoja urefu wa kamba, na timu ya kawaida inatumia siku tatu mpaka tano, wanalala hukohuko ukutani wananing'inia.

Sasa Novemba. Kigiza bado, taa kichwani, Honnold anaanza. Wiki kadhaa kabla alikuwa ameanguka sehemu hiyohiyo ya chini, wanaita Freeblast, alikuwa na kamba kwahiyo alipona, ila kifundo cha mguu kiliteguka kikavimba. Msimu wa kupanda ulikuwa unaisha, watu wa kamera walishafunga safari kuja, akaona ajaribu.

Freeblast ina kipande kimoja cha mtelezo, na mtelezo naomba nikae nao kidogo mana hapa ndo unaelewa hofu inafanyaje kazi. Pale ukuta haujasimama wima kabisa, umelala kidogo, kwahiyo kwa picha unaonekana rahisi. Ila barafu la zamani sana limeusugua mpaka umekuwa kama terazo iliyomwagiwa maji ya sabuni, mikono haina cha kushika cha maana, unabaki na miguu. Unaweka ncha ya kiatu juu ya kitu ambacho ukikiangalia hukioni, afu unahamishia uzito wote pale. Ubaya ni kwamba ukiogopa mwili wenyewe unakumbatia ukuta, na ukikumbatia ukuta uzito unahama kwenye mguu, mguu ukikosa uzito unateleza. Yaani hofu yenyewe ndo inakuangusha. Inabidi usimame umeachia ukuta kama mtu anayesubiri daladala, wakati chini yako kuna zaidi ya mita 100 za hewa.

Honnold akafika pale, mguu umevimba, akajaribu kuuamini akashindwa. Akashika bolti za chuma zilizopigiliwa ukutani kwa ajili ya wenye kamba, safari ikaishia hapo, akashuka. Hakuna mwamba uliovunjika, hakuna mvua. Alisikia tu kwamba leo hapana.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Sisi huwa tunaitumia kumtania mtu aliyekimbia, lakini ukikaa nayo vizuri unaona ni hesabu kabisa wala si utani. Nilikuwa na mjomba mkwezi wa minazi upande wa Pangani, sasa ni marehemu (alikufa kwa malaria, hakufa kwa mnazi), alikuwa anapanda minazi ileile miaka na miaka, ngazi kazichanja mwenyewe kwa panga kwenye shina na anajua ipi imeoza. Siku moja nikiwa mdogo nimesimama chini nasubiri dafu, akafika katikati ya mti, akasimama, akapapasa shina kwa kiganja kama anampapasa mgonjwa homa, akashuka. Nikamuuliza mjomba vipi, akasema kuna unyevu, akahamia mti mwingine. Sikupewa maelezo zaidi ya hayo na mnazi ule haukuanguka, hakuna kilichotokea. Nimekumbuka hiyo siku nilivyosoma habari ya Novemba.

Sasa kwanini naiita Novemba ushahidi wa maandalizi na sio kushindwa? Kwasababu huyu mtu mwaka 2008 hakuwa na uwezo wa kufanya hivo, na ipo stori yake, kaisema mwenyewe mara nyingi hadharani.

2008, ana miaka 23, anapanda Half Dome, mwamba mwingine mkubwa hapohapo Yosemite, zaidi ya mita 600, bila kamba. Maandalizi yake? Alikuwa ameipanda na rafiki yake wakiwa na kamba siku mbili kabla, mara moja, akasema inatosha, hakutaka kurudia rudia mana aliona itaondoa raha ya changamoto. Akapanda. Njiani akajaribu kukwepa kipande kigumu kwa kupita pembeni akapotea, akarudi kwenye njia kashaanza kujitilia shaka. Karibu kabisa na kileleni kuna mtelezo, uleule ugonjwa wa kuamini mguu, akafika pale akaganda. Pembeni ya uso wake kuna bolti yenye pete ya chuma ya kupitishia kamba, angeikamata kwa kidole kimoja angekuwa salama, ila angekuwa kaharibu alichokuja kukifanya. Juu yake anasikia watalii wanapiga stori na kucheka, kwasababu Half Dome nyuma kuna njia ya kutembea kwa miguu, watu wanapanda na vitafunwa vyao. Anabadilisha mguu, anarudisha mguu, hauamini. Mwisho akauamini tu, ukashika, akatokea juu.

Kilichofuata nakipenda sana. Kileleni kumejaa watu na hakuna aliyemgeukia. Akavua vile viatu mana vinabana sana, akaanza kushuka peku kwa njia ya watalii, na huko ndo watu wakaanza kumshangaa, aisee unatembea peku, we kiboko!

Dunia ya wapandaji ilimsifia vibaya mno kwa ile Half Dome. Yeye hakufurahi. Kwa maelezo yake aliona ametoka kwa bahati, na hakutaka kuwa mpandaji mwenye bahati, alitaka awe mpandaji mzuri. Akapunguza kabisa mambo ya solo kwa muda. Nadhani hapa ndo mlango wa kisa kizima, mana vijana wengi wa umri ule ukiwasifia kwa ujinga waliofanya wataurudia kesho yake, huyu alisifiwa na dunia nzima na bado akajua moyoni kwamba pale juu aliganda, na kuganda maana yake kuna kitu hakukijua.

Kuanzia 2009 kila mwaka anafika Yosemite kwa kigari chake anacholala humohumo, anainua kichwa kuangalia El Capitan, anasema haiwezekani, anaenda kupanda vingine. Miaka inaenda. Januari 2014 kule Meksiko, El Potrero Chico, akapanda bila kamba njia inaitwa El Sendero Luminoso, na tofauti na Half Dome ni kwamba safari hii alitumia siku kadhaa kwanza kuifanyia usafi kwa kamba, kung'oa majani na kutoa udongo kwenye nyufa, kama fundi anavyosafisha ukuta kabla ya kupaka rangi. Baadae akaamua kuirudia El Capitan kwa staili hiyo.

Maandalizi ya Freerider yalikuwa hivi, na naomba usiyasome haraka. Akaipanda kwa kamba mara nyingi mno, mara nyingine na Tommy Caldwell ambae ni moja ya wapandaji wakubwa wa hizo kuta duniani. Akateremka kutoka juu kwa kamba peke yake ili akae kwenye vipande vigumu masaa, anagusa, anajaribu mguu huu, anajaribu ule. Mawe yaliyolegea akayatoa njiani akayaweka kwenye begi, mana jiwe ukilishika likabaki mkononi mwako ndo mwisho wa mazungumzo. Kila kipande akaandika kwenye daftari, mkono gani, kidole gani, mguu gani, kama mtu anayekariri hotuba. Usiku kwenye gari anapitia kichwani mwendo mmoja mmoja.

Na kuna kipande kimoja wanakiita Boulder Problem, kiko karibu mita 600 kutoka chini, hapo ndo pagumu kuliko pote. Kuna kishikio pale chembamba kama penseli afu kimeangalia chini, hukishiki kama unavyoshika kitu, unakikandamiza kwa dole gumba kutokea chini kwenda juu. Ukishaweka gumba la mkono mmoja inabidi ubadilishe, utoe hilo uweke la mkono mwingine palepale, ili mkono wa kwanza uwe huru kwenda mbele. Fikiria mnabadilishana gumba lako na gumba lako, hewa tupu chini. Na bado hapo hujafika penyewe. Mwisho wa kipande kuna njia mbili za kutoka, ama uruke kwa mikono miwili ukadake ukingo, ama urushe mguu wa kushoto pembeni kama mtu wa karate ukatue kwenye kona ya ukuta wa pili huku mikono bado imeshika. Kuruka ni rahisi zaidi kwa baadhi ya watu. Akakataa kuruka, kwasababu ukiruka hakuna nusu, aidha umedaka au umekufa, lakini kwenye teke mikono bado iko mahali.

Sasa teke linataka nyonga iliyolegea. Akaanza mazoezi ya kunyoosha misuli, kila usiku, mwaka mzima, ili siku hiyo mguu ufike bila kulazimisha. Mwaka mzima kwa ajili ya mwendo mmoja! Mi nimewahi kulipia jimu mwezi nikaenda mara nne.

Afu kuna maandalizi mengine ambayo hayana misuli, na kwangu haya ndo ya maana zaidi. Kwa maelezo yake alikaa akajiuliza yale maswali mabaya mapema akiwa chini salama. Je nikifika kule nikaogopa sana? Je nikichoka? Je mguu ukiteleza, itakuwaje, nitagonga wapi? Aliyafikiria mpaka mwisho, hakuyafukuza. Sisi wengi hofu tunaiambia nyamaza, tunaiombea ipotee, afu inakuja kututokea palepale kwenye mtihani au kwenye usaili au kwenye kipaza sauti. Yeye aliiita kwenye gari usiku, akaikaribisha ikae, ikaongea yote. Siku ya kazi ilikuwa haina jipya la kumwambia.

Hapa ndo nakuja kwenye hoja ya waliozoea kusema kazaliwa hivo. Ni kweli mwaka 2016 alipimwa ubongo kwa mashine ya MRI kwenye chuo kikuu cha udaktari cha South Carolina, mtafiti anaitwa Jane Joseph, wakamwonyesha picha za kutisha na za kuchefua akiwa ndani ya mashine, na ile sehemu ndogo ya ubongo inayowaka mtu akihisi tishio, amigdala, kwake haikuonyesha kitu. Watu wakashangilia, jibu limepatikana! Ila mi sishawishiki kirahisi. Kwanza ni mtu mmoja, kapimwa baada ya kupanda miaka na miaka, huwezi kujua amigdala ilikuwa hivo tangu utoto au ni kazi yenyewe ndo imeizoesha. Pili, kuangalia picha umelala sio sawa na kusimama kwenye mtelezo. Tatu, huyuhuyu asiye na hofu aliganda Half Dome na akaghairi Novemba. Na nyongeza ndogo, kijana alianza kupanda peke yake kwa sehemu kwasababu alikuwa anaona aibu kuomba wageni wapande nae. Hofu alikuwa nayo sana tu, ila ya watu.

Basi, Juni 3. Analala kwenye gari, anakula uji wake wa oti na mbegu na matunda, fulana nyekundu, anaanza saa 11 na dakika 32 alfajiri. Kwenye ule mtelezo wa Freeblast anapita, mguu umepona na mwendo kashaurudia mpaka umechosha. Juu huko anawapita wapandaji waliolala ukutani, mmoja wao amevaa vazi la kulalia la pinki la yule farasi wa hadithi mwenye pembe moja, wanaangaliana, asubuhi njema, anaendelea. Unaandaa mwaka mzima kila ufa na kila gumba, afu ukutani unakutana na farasi wa pinki, hilo halikuwa kwenye daftari. Kwenye Boulder Problem hakuna mpiga picha, waliweka kamera inayojiendesha yenyewe kwasababu hawakutaka awepo mtu wa kumtoa akilini, na mmoja wa wapiga picha waliokuwa chini aligeuza uso asiangalie. Gumba, badilisha gumba, mkono, teke. Linafika. Anageuka anaitabasamia kamera. Saa 3 na dakika 28 asubuhi yuko juu.

Sasa nisiwadanganye, hiki kisa kina tundu na nisipolisema nitakuwa nauza dawa. Maandalizi yanafuta unachoweza kukijua, hayafuti mwamba kuvunjika, wala ufa uliovuja maji usiku, wala ndege aliyejenga kiota ukingoni akakurukia usoni. John Bachar alipanda bila kamba miongo kadhaa, Yosemite ilikuwa kama sebule yake, mtu mwangalifu, na Julai 2009 alianguka akafa kwenye ukuta karibu na Mammoth Lakes, hapohapo California, mahali alipopazoea. Derek Hersey nae alifia Yosemite mwaka 1993. Tunasimuliwa kuhusu maandalizi na aliyebaki, ambao hawakubaki walijiandaa pia na hawapo kutueleza walikosea wapi, kama walikosea. Kwahiyo mtu akikwambia Honnold kathibitisha ukijiandaa hufi, mwambie kathibitisha kwamba siku ile hakufa.

Na kamba nayo usiione mkombozi. Juni 2018, karibu mwaka mmoja kamili baadae, wapandaji wawili wazoefu waliokuwa wameshaipanda El Capitan mara nyingi walianguka wakafa hapohapo Freeblast, wakiwa wamefungana kwa kamba.

Kwahiyo mi nikiulizwa alishindaje hofu nasema hakuishinda, aliihamisha. Aliitoa ukutani akaipeleka miezi ya nyuma, akailipa kidogo kidogo kwa kamba na daftari na kunyoosha nyonga, na pale ilipokataa kulipika, Novemba, akaiheshimu akashuka mbele ya watu wote wale. Na hapa kwenye mbele ya watu ndo pagumu kuliko teke la karate kwa maoni yangu. Kamera zimekuja, marafiki wamelala porini kwa ajili yako, afu wewe useme jamani leo basi. Wangapi tumewahi kuendelea na jambo ambalo mwili umeshakataa, kwasababu tu tumeshawaambia watu? Mi harusi moja nusura niifunge hivo, lakini hiyo stori ya siku nyingine.

Baada ya kushuka ile Juni 3, mchana, watu wanakumbatiana wanalia, simu zinaita. Yeye akauliza kama anaweza kwenda kwenye gari kidogo. Mlangoni kuna ubao wa kuning'inia kwa vidole, na ratiba yake ni siku moja mazoezi siku moja kupumzika, na ile ilikuwa siku ya mazoezi. Akaning'inia.